Viungo na Nyuso

Watu wa Isiolo wakikueleza habari za Shamis Dualeh watakuambia alikuwa mkaidi. Nimechoka na neno hilo. Mkaidi ni punda. Shamis alikuwa fundi wa ngozi, na fundi akikataa kuharibu kazi jina lake linabaki fundi. Mimi Madina Galma nilifanya kazi naye tangu mwaka 1978, nayasema haya nikiwa na akili timamu, na asiyependa shauri yake.

Babu yake Shamis aliletwa huku na Waingereza akiwa askari, na vita vilipokwisha akaambiwa hapa ndipo nyumbani. Wanawe wakanunua malori. Shamis aliolewa na dereva mmoja, Ahmednur, aliyefariki kwa malaria mwaka 1969 akamwachia binti wawili na chumba cha mabati nyuma ya duka la vitambaa, kwenye barabara inayoteremka sokoni kwa mifugo. Humo akaweka benchi refu, mkeka, makarai mawili, jiko la makaa na kioo, akaanza kuosha nyuso za wanawake. Chumba hicho ndicho kilichowalisha na kuwasomesha binti zake, na baadaye kikanilisha na mimi, Mborana, binti wa mchuuzi wa mbuzi. Nilimwita eddo, yaani shangazi, kama Wasomali wanavyosema. Yeye aliniita kwa jina langu, na akiwa amekasirika, kwa jina la baba yangu pia.

Ulikuwa ukiingia kwake na uso wako, yeye hauangalii uso. Alikugeuza shingo kwanza, kisha akaukunjua mkono wako akaangalia ngozi ya ndani, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo jua na vumbi havijafika. Hiyo ndiyo rangi yako, alisema, haya mengine ni mambo yaliyokupata. Halafu maswali. Unapikia kuni au makaa? Unanyonyesha? Jana ulipaka nini? Swali la tatu kila mtu alidanganya, hasa wake za wanajeshi wa kambi ya Burat, waliotoka pembe zote za Kenya na sabuni za kujichubua zimefichwa ndani ya masanduku. Shamis hakuwagombeza. Aliwanusa shavu tu, akataja jina la sabuni, na mtu akaanza kulia.

Hao aliwaosha kwa maji matupu mwezi mzima, akawaamuru wajifunike jua. Wengine aliwaosha kwa qasil, unga wa majani ya mti wa gob, yaani mkunazi, yaliyokaushwa na kusagwa, unaotoa povu kama sabuni ukikorogwa na maji ya uvuguvugu. Alikanda kutoka kidevuni kwenda juu kwa vidole viwili, akakufunika shuka juu ya karai la mvuke, akakukanda tena kwa kitambaa cha maji baridi, akamalizia na mafuta ya simsim, tone moja tu. Maharusi aliwaongezea manjano. Chunusi hakuziminya hata umlipe mara mbili. Alisema chunusi ni mgeni anayetoka mwenyewe, ukimsukuma atavunja mlango.

Na alikuwa na sheria moja iliyowakera watu wote: jua moja. Dawa yoyote asiyoijua, au ngozi yoyote asiyoijua, alipaka kwanza kidogo ndani ya mkono, akakuambia nenda ukashinde siku nzima juani mkono umeukunjua, urudi kesho. Bibi harusi analia, mama yake anafoka, lori linapiga honi huko nje. Shamis anakunja mkeka. Njoo kesho.

Sheria hiyo hakuzaliwa nayo. Mwaka 1973 aliletewa bibi harusi kutoka Kinna, binti anayeitwa Habsa, ngozi ya mafuta, chunusi za hapa na pale. Jamaa zake walikuja na zawadi ya kapu la ndimu, maana Kinna wana maji ya kumwagilia na ndimu huko zinaoza chini ya miti. Shamis akaona mbona ndimu inakata mafuta ya nyama, itashindwa na mafuta ya uso? Akakamua tatu ndani ya qasil na manjano, akampaka msichana. Akatoka aking'aa, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha bibi harusi akapandishwa juu ya magunia ya lori, maana wazee ndio waliokaa mbele na dereva, akaenda kwa mume Biliqo, siku mbili juani.

Ndimu na jua haviketi pamoja kwenye ngozi. Nani alikuwa amemwambia Shamis? Hakuna. Siku ya tatu uso wa Habsa ulifanya malengelenge, na malengelenge yalipopasuka yalibaki madoa meusi, vidole viwili vya Shamis kila shavu, vimechorwa kutoka kidevuni kwenda juu jinsi alivyokanda. Msichana alifunuliwa shela mbele ya mama mkwe akiwa na alama za vidole vya mtu mwingine usoni. Ilichukua karibu mwaka mzima kufutika. Shamis alisafiri hadi Biliqo kuomba msamaha, na Habsa hakuitikia salamu yake, wala hakuitikia tena mpaka leo. Shamis alinieleza haya wiki ya kwanza nilipoanza kazi, kabla hajanionyesha hata jinsi ya kuwasha jiko. Alisema afadhali nisikie kutoka kwake.

Sasa twende mwaka 1984, ndio mwaka wa ugomvi wenyewe.

Ilitoka amri kwamba kila mwenye saluni lazima awe na cheti cha mtihani, asiyekuwa nacho leseni yake haitaandikwa upya na chumba kitafungwa. Mtahini angetoka Nairobi, siku moja tu, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Tulijiandikisha wote wawili, mimi na Shamis, na kwa kuwa kila mtahiniwa alitakiwa kuja na mtu wa kufanyiwa kazi, tukakubaliana kila mmoja awe uso wa mwenzake. Cheti kimoja kikipatikana kingetosha. Karatasi ya amri ilieleza kwamba kutakuwa na krimu ya mtihani, kila mtu apake ileile. Shamis hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilipofika hapo alinisimamisha.

"Andika barua," akasema. "Waambie watuletee hiyo krimu siku moja mbele."

Nikaandika. Jibu likaja kwa mistari miwili: haiwezekani, krimu ni siri ya mtihani.

Siku ilipofika tuliwakuta wasichana wanne kutoka Meru na Nanyuki wamevaa makoti meupe. Mtahini alikuwa mama mnene mwenye miwani, tukamwita Madamu kama alivyotaka. Mezani palikuwa na makopo yasiyo na karatasi yoyote, yameandikwa namba tu. Nikalala kwenye kitanda, Shamis akanawa mikono, akaanza. Aliniangalia shingo, akaniangalia mkono, akaniuliza jana nilipaka nini ilhali alijua. Akaniosha, akanipiga mvuke, akanikanda. Madamu alisimama kichwani pangu kwa muda mrefu, nikasikia kalamu yake ikienda mbio. Baadaye nilipoiona karatasi yake, alama za sehemu mbili za kwanza, kuosha na kukanda, zilikuwa za juu kuliko za wote. Kisha akasukuma kopo mbele ya Shamis.

"Hii kitu iko na nini ndani?" Shamis akauliza.

"Krimu ya kusafisha. Imepimwa Nairobi."

"Imepimwa kwa ngozi ya nani?"

"Ya watu, mama."

"Huyu ni mtu moja. Anaitwa Madina. Imepimwa kwa Madina?"

Wasichana wa makoti wakacheka. Madamu hakucheka. "Mama, umebaki na dakika kumi."

"Dakika ya nini? Mimi nataka jua moja. Nipake kwa mkono leo, kesho nipake kwa uso."

"Kesho niko kwenye basi."

"Basi, kwenda na krimu yako."

Mimi hapo nimelala chali, nachemka kwa hasira. Chumba chetu kinafungwa kwa ajili ya kopo? Nikamnong'oneza, "Eddo, paka tu, mimi nimekubali." Akanijibu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Wewe nyamaza. Leo wewe ni uso, na uso haina mdomo."

Madamu akamweleza taratibu, na ninakiri alikuwa na subira, kwamba bila krimu sehemu ya tatu ni sufuri, na sehemu moja ikiwa sufuri mtihani wote umeanguka. Shamis akafuta mikono.

"Andika sufuri," akasema.

Likaitwa jina langu. Nikashuka kitandani, na kabla sijakaa sawa Shamis alikuwa amekwisha panda, amelala, amefumba macho. Nikafanya sehemu ya kwanza, nikafanya ya pili. Nilipofika kwenye kopo akasema chini chini, "Paka. Mimi ni mtu mzima, uso ni yangu, hakuna mtu ya kunioa. Paka upate cheti, chumba ikae."

Nikaelewa. Alikuwa amelipanga jambo hili tangu barua ilipojibiwa. Yeye asingepaka uso wa mtu, lakini wa kwake angeutoa kama mtu anayetoa mbuzi wake mwenyewe. Nikafungua kopo. Krimu ilikuwa nyeupe, laini, ina harufu ya waridi. Nikachota kwa vidole viwili. Nikauangalia ule uso wa miaka arobaini na tisa, mistari miwili kando ya mdomo, kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi, na vidole vyangu vikakataa kushuka. Miaka sita mwanamke yule alikuwa ananipiga mkono kila nikiharakisha. Angetaka nipake, angenifundisha mambo mengine.

Nikavifuta vidole kwenye taulo. "Siwezi."

Akafumbua macho. "Madina. Paka!"

"Haijaona jua moja, eddo."

"Madina Galma!"

"Nimesema siwezi."

Madamu akavua miwani, akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wawili mmekuja kunichezea?" Kisha akaandika sufuri ya pili, kwa mkono mzito, na karatasi ikatoboka.

Shamis alinigombeza kutoka ukumbini hadi nyumbani, kwa Kiswahili, kwa Kisomali, na kwa Kiborana alichokopa sokoni, na watu wakatoka madukani kutusikiliza. Kwamba alinifundisha kuosha uso, hakunifundisha kumfungia nyumba. Kwamba nina kichwa cha jiwe. Nikamwambia kichwa hicho alikichonga yeye. Hapo akaingia kwake, akafunga mlango. Sikujuta hata saa moja, nilijua nimefanya sawa, ingawa nililia usiku kwa sababu sikujua kesho tutakula nini. Siku ya tatu aliingia asubuhi, akachukua kigoda chake kilichokaa kichwani pa benchi, pale anapokaa mwenye kukanda, akakisukuma upande wangu. Yeye akaenda kuchemsha maji. Toka siku hiyo mimi ndiye niliyekanda na yeye akanipashia maji.

Watu wa pwani wana methali yao: Mgala muue na haki yake mpe. Mgala huyo anayeuawa ni sisi Waborana, kwa hiyo msitarajie niipende. Lakini leo naigeuza iwafae wengine. Madamu nampa haki yake: krimu yake haikumchoma mtu. Wasichana wanne walipaka nyuso nne, zikatoka safi, na mmoja wao hivi sasa ana saluni kubwa Nanyuki. Mji mzima ulitucheka kwa hilo. Hata Umulkheir, jirani yetu fundi cherehani, alituuliza mlikuwa mnaogopa nini basi? Wanadhani tuliogopa krimu. Tulikataa kumpaka mtu kitu kwa kubahatisha, na aliyebahatisha akapata bado amebahatisha.

Barua ya kufunga ilikuja mwisho wa mwaka. Nikaenda ofisi ya leseni mwenyewe. Ukutani walikuwa wamebandika orodha ya biashara: hoteli, kinyozi, cherehani, nyama, viungo. Nikasimama hapo kwenye viungo. Si tunauza qasil kwa kipimo? Manjano si kiungo cha pilau? Nikalipia leseni ya viungo. Shamis nilipomsomea alikunja uso, lakini akasema karatasi iseme inavyotaka, muhimu mlango uko wazi. Tukapanga mikebe ya manjano, iliki na bizari mbele, benchi likabaki nyuma ya pazia. Tukafanya kazi hivyo karibu miaka miwili, na wateja wakazoea kuaga majumbani mwao kwamba wanakwenda kununua viungo.

Kisha mtu akatuchongea. Nani, sitamtaja, ana watoto.

Aliyekuja ni Bwana Ntongai, karani wa leseni, Mmeru wa makamo, mpole, anayevaa koti hata Machi. Alisema habari, nikamwambia nzuri, akavuta pazia. Kulikuwa na wanawake watatu, nyuso zao njano, mmoja mke wa sajini wa Burat, amelala chini ya mikono yangu. Ntongai akaisoma leseni ukutani, akawaangalia wanawake, akaisoma tena.

"Leseni inasema viungo," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na hawa?"

Ulimi wangu haujawahi kuniangusha. "Mzee, uso si kiungo cha mwili? Mkono ni kiungo, mguu ni kiungo, na uso pia. Leseni imesema viungo, haikusema vya mchuzi."

Ntongai akacheka mpaka akashika mlango. Mke wa sajini akacheka, manjano yakamdondokea shingoni. Mambo yalikuwa yamekwisha salama. Ntongai akatoa daftari lake la ukaguzi, akapangusa machozi, akasema, "Haya, nimewakagua. Naandika viungo, naenda zangu."

"Bwana Ntongai," Shamis akasema. Alikuwa amechuchumaa kwenye jiko. Akasimama. "Umeandika nini?"

"Viungo, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Madina, soma."

Nikachungulia daftari. "Viungo."

"Ongeza," akamwambia.

"Niongeze nini?"

"Mimi naosha nyuso. Miaka kumi na saba naosha nyuso hapa. Binti zangu wamekula hiyo kazi. Ongeza nyuso."

Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga pia, kwa nguvu zaidi. Ntongai akapunguza sauti, kama mtu anayemwombea jirani. "Mama, sikiliza. Nikiandika nyuso wataniuliza cheti kiko wapi. Wakiuliza cheti, watafunga hapa. Binti yako huyu amenipa neno zuri, niache nitoke nalo."

"Ile karatasi ya ukuta nilikubali, ndiyo. Ilikuwa karatasi. Lakini wewe umeingia ndani, umeona kwa macho yako, na unataka mimi nisimame hapa nicheke, nikubali ati naosha binadamu kama mchuzi. Sikubali. Kama unafunga, funga. Lakini funga kitu umeona."

Hakuna aliyecheka sasa. Mke wa sajini hakuinuka. Alifumba macho tena, akasema, "Madina, endelea, inakauka." Nikaendelea kukanda, na ninasema wazi, nilikuwa ninamchukia Shamis wakati huo na sijawahi kumpenda mtu zaidi. Ntongai alisimama na kalamu yake hewani. Nilimaliza shavu moja, nikahamia la pili. Kisha akainama, akaandika, akafunga daftari, akatoka bila kuaga.

Tulingoja wiki tano. Umulkheir alitushauri tuhamishe vitu kidogo kidogo kabla hawajaja na kufuli. Shamis akapaka kuta chokaa mpya. Kila gari lililosimama nje mimi nilikwenda dirishani, yeye hakwenda.

Januari ya 1987 nikaitwa ofisini. Ntongai hakuwepo, alikuwepo kijana wa taipu tu, na bila hata kuinua kichwa akanipa karatasi yenye muhuri. Kazi yake ilikuwa kunakili kilichoandikwa kwenye daftari la ukaguzi, na alikuwa amenakili. Hakuna aliyekuwa ameuliza cheti. Nikarudi mbio barabara nzima, mwanamke mzima, buibui mkononi.

"Soma," akasema Shamis.

"Jina la mwenye biashara: Shamis Dualeh. Aina ya biashara: viungo na nyuso."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mara ya tatu, nilipofika kwenye aina ya biashara, akaninyang'anya karatasi, akaweka kidole penye neno la mwisho, na yeye asiyejua kusoma akalisoma kwa sauti.